Mama, Uso wa Mtoto wa Bukuru Bado Upo Ukutani

Mpendwa Mama,

Wiki iliyopita, treni ilipokuwa imeiacha Tabora, mwalimu mmoja alinisimamisha katikati ya behewa la chakula nikiwa na birika la chai mkononi. Wenzangu walikuwa wamenisema kwake, maana hawana siri wale, kwamba kila mji treni inapolala mimi naenda kutafuta nyumba za picha badala ya kutafuta mchumba. Akaniambia, "Dada, nitajie makumbusho yanayofaa mtu kuyaona akiwa safarini, ila yale yasiyojaa watu. Nikibanwa na watu sioni kitu."

Nilimtajia. Nilimwambia kuhusu chumba nyuma ya kanisa la misheni, kile ambacho bibi mmoja anafuta vumbi michoro kwa khanga yake mwenyewe, kisha anakaa mlangoni kushona na kukuacha peke yako. Nilimwambia kuhusu banda la ufukweni kule Mwanza, la fundi anayechora samaki juu ya mabati ya madebe. Nikamwambia na lile boma la Wajerumani ambalo picha zake zimeegemezwa chini ukutani kwa sababu misumari haipatikani dukani, ukitaka kuziona sharti uchuchumae kama unachochea jiko. Alifurahi, akaandika. Halafu akauliza, "Na kwenu Kigoma hakuna?"

"Ilikuwepo moja," nikamjibu. "Ilichomwa."

Nikarudi jikoni nikalipiga teke sufuria la wali, na mpishi akaniuliza kama nimepagawa. Ndiyo sababu nakuandikia, Mama, ingawa wewe ni wa kaburini na wala ulipokuwa hai hukupenda kusomewa barua. Nina hasira, na hasira yangu ni kwako.

Tuanze na nyumba yetu ya ufukweni, kule kusini mwa Ujiji, maana kuna watu wataisoma barua hii na hawakuiona. Tulikuwa tumevuka ziwa kutoka Kongo, wewe na mimi, katika ile miaka ambayo huku watu walikuwa bado wanacheza ngoma za uhuru na kule kwetu watu wenye silaha walikuwa wanafunga milango kwa nje na kutia moto. Baba alibaki ndani. Bibi alibaki ndani. Mimi nilikuwa na akili ya kuukumbuka moto, lakini si ya kuikumbuka sura ya mtu. Namkumbuka baba mkono tu, mkono unaonisukuma kupitia tundu la ukuta.

Wewe uliniambia kwamba ulianza kumsahau mama yako kuanzia masikio. Asubuhi moja uliamka, ukajaribu kuyaona masikio ya Bibi, hayakuja. Ulipiga yowe mpaka jirani yetu Mzee Kalenga, mvuvi wa dagaa ambaye naye alivuka baada ya kumpoteza mkewe, alikuja mbio akidhani nyoka ameingia. Siku hiyo hiyo ulikoroga masizi na mawese, ukatafuna ncha ya kijiti cha mchikichi, ukamchora Bibi ukutani juu ya mafiga. Mzee Kalenga alisimama akatazama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama Eliza, na mke wangu je?"

Basi ikawa hivyo. Watu waliovuka kama sisi walianza kuja kutoka Rusimbi, kutoka Ujiji, wengine kwa mtumbwi kutoka vijiji vya pembeni. Walikuja wengi tu kwa mwaka, lakini siku zote mmoja mmoja, maana hakuna anayependa kulia mbele ya kundi. Ulikuwa na desturi yako na hukuivunja kwa mtu yeyote. Aliyekuja kuomba uso alikuwa mgeni wa nyumba mpaka uso ukamilike, hata kama jana yake mlitukanana kisimani. Ulimpa maji, ukamkalisha, ukaanza kumuuliza maswali ambayo mimi niliyaona ya kipuuzi: alicheka namna gani, aliketi upande gani wa moto, akikasirika alitazama chini au alitazama juu? Kutokana na majibu ulichora, kwa udongo mwekundu na mweupe na yale masizi. Macho uliyaacha mwisho. Kuhusu uso usio na macho wewe ulisema, kwa Kiswahili chako cha Kongo, "Huyu iko njiani." Macho uliyachora mbele ya mwenye mtu wake tu, ili marehemu akifika amkute wa kumpokea.

Kuta zikajaa, ndani hadi nje chini ya upenu. Baba alikuwa juu ya mkeka wangu. Nilimwamkia kila asubuhi kabla sijakuamkia wewe, nawe ulijifanya kuona wivu: "Eeh, baba ya ukuta anashinda mama ya kupika." Nilikuwa binti mkubwa sasa, na nilichojua kuhusu sura ya baba yangu chote kilitoka mkononi mwako. Paji pana, sikio moja limekaa nje kidogo, mdomo kama wa mtu anayetaka kusema kitu cha mzaha. Sikuwa na baba mwingine.

Kisha ikaja operesheni. Tuliambiwa watu wote wa ufukweni tuhamie kijiji kipya cha ujamaa, ndani huko, barabara ya Kasulu, kupita Kidahwe, mahali ambapo patakuwa na shule na zahanati na maji. Sitasema uongo, shule ilikuja kweli na zahanati ilikuja. Lakini ulisimama mkutanoni ukaomba tupewe muda ili wenye watu wao waje kuwaaga. Ulisema, "Mimi nitahama. Lakini batu bangu habana miguu." Watu wakacheka. Aliyekujibu ni Bukuru, Muha wa vijiji vya juu, kiongozi wa mgambo wa zamu ile, mwanamume mwenye mabega mapana na meno mazuri wakati huo. Alisema, "Mama, picha hazina kadi ya kijiji."

Mgambo walikuja kuchoma nyumba asubuhi, uji ukiwa bado motoni. Mzee Kalenga alisimama mlangoni kwetu na kafi lake la mtumbwi, akasema hatapita mtu na moto mbele ya mke wake. Walimpiga kwa virungu. Walimpiga mbavu, wakampiga magoti, na alipoanguka walimpiga mgongo, na damu iliyomtoka puani ilirukia udongo mweupe wa ukutani, kwenye shavu la mkewe. Mmoja alilenga kichwa, mwenzake akamzuia, si kwa huruma bali kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda na vijiji vilibaki vingi. Mbuzi wetu alikuwa amefungwa uani. Hakuna aliyekumbuka kumfungua.

Mimi nilikimbilia ndani kukutoa, nikakukuta na kitambaa kibichi. Ulikuwa unapita ukutani, uso hadi uso, unafuta macho. Unamtaja mtu kwa jina, unaweka kitambaa, unasugua, unakwenda kwa mwingine. Nilikuvuta gauni. Nilikupigia kelele kwamba makuti yameshika moto. Ulinisukuma kwa kiwiko ukasema, "Hawa balisha kuona moto. Habatauona mara ya pili." Ukaendelea. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka vichwani mwetu, na vipande vya makuti vilikuwa vinaanguka vikiwaka kwenye mikeka.

Bukuru aliingia kukukamata. Ulikuwa umeufikia ukuta wa mwisho, wa mkeka wangu. Uliacha kitambaa, ukaushika mchi wa kinu, ukampiga mdomoni kwa nguvu zote za mwanamke aliyetwanga mihogo maisha yake yote. Niliyaona meno yakitoka. Alikuangusha. Mkono wako wa kulia ulikuwa chini, umefunguka, naye aliukanyaga kwa buti, akaugeuza kisigino kama mtu anayezima sigara. Vidole vyako vilisikika. Mimi nilimrukia nikamuuma sikio mpaka nikaonja chumvi, na mgambo mwingine akanishika nywele akaniburuta nje kama gunia la dagaa.

Wewe hukulilia vidole. Walikutoa wakikubeba wawili, na ulikuwa unapiga kelele neno moja tu, "Macho yake! Macho yake!" Baba ulikuwa hujamfumba. Ukuta ule ulielekea mlangoni, na mpaka paa linaanguka nilimwona akitutazama kwa ule mdomo wake wa mzaha, moto umemshika kuanzia paji la uso. Nilipoteza baba mara mbili, Mama, na mara ya pili ndiyo niliyoiona vizuri.

Mzee Kalenga alifia ndani ya lori kabla hatujafika kijijini. Tulimzika mbali na maji, yeye ambaye hakuwahi kulala usiku mmoja bila kusikia ziwa.

Kijijini tulipewa kiwanja kwenye mstari, nyumba zote zimetazama barabara kama wanafunzi kwenye gwaride. Vidole vyako viliunga vibaya, viwili vimejikunja ndani. Uliweza kushika jembe na mwiko. Ukutani hukugusa. Watu wetu waliposikia uko wapi walikuja kwa miguu kuomba warudishiwe nyuso zao, nawe uliwapa maji, ukalia nao, ukawaambia mkono umekufa. Lakini mimi nilikuona ukichora kuku kwenye mchanga kumchekesha mtoto wa jirani. Kwa hiyo siku moja nilikuuliza waziwazi, "Mama, kwa nini humrudishi baba?"

Ulijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye mboga. "Baba yako nilimuchora mara moja akachomwa mara mbili. Sitamuleta hapa achomwe mara ya tatu."

Niliona una haki. Nikapata kazi kwenye treni, nikaondoka, na huko nikaanza hii tabia ya kuingia nyumba za picha. Sikuwa napenda sanaa, Mama, tusidanganyane. Nilikuwa natafuta paji pana na sikio lililokaa nje. Mlinzi mmoja aliniuliza mbona natazama picha kama askari anayetafuta mwizi.

Halafu vikaja vita vya Kagera. Nilikuwa likizo, nakumenyea mihogo, asubuhi, na mtu akapiga hodi, akaamkia kwa Kiha. "Mwakeye, mama." Nilimjua kwa pengo kabla sijamjua kwa sura. Bukuru alikuwa amekonda, ameshika kofia mikononi. Alikuwa na kijana mmoja tu wa kiume, Stefano, na Stefano alikwenda vitani akafia huko, akazikwa huko, na nyumbani haikubaki picha yake hata moja. Alisema hayo yote akiwa amesimama nje, kwa kuogopa kivuli cha nyumba yetu. Kisha akasema, "Nimeanza kumsahau, mama. Naomba unisaidie."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka panga likiwa mkononi mwangu na yeye akiwa chini. Nilimpiga begani kwa ubapa, mara ya pili likageuka likamkata, na damu ikashuka mpaka kwenye kiwiko. Hakuinua mkono kujikinga. Nilikuwa nimelinyanyua kwa mara ya tatu, na ile ya tatu ilikuwa ya shingo.

"Eliza!" Sauti yako ilinikamata. "Unakata mugeni wangu?"

Mgeni! Nilikutazama nikadhani umerukwa na akili. Ulikuja ukanipokonya panga kwa ule mkono wako uliokunjamana, ule ule, ukamfunga bega kwa kitenge chako, ukamletea maji katika kata, ukamkalisha. Ukaanza. "Alicheka namna gani?"

Bukuru aligeuzageuza kofia yake. Kisha akasema hajui. Akasema, "Mbele yangu hakucheka, mama. Nilikuwa nampiga sana." Akaanza kulia kwa sauti mbaya, kama mtu anayetapika. Wewe ulisubiri. Ukamwambia aende kwa mkewe akaulize, na kwa rafiki za mtoto, arudi akijua. Alirudi. Alirudi mara nyingi, kila mara amebeba kitu kimoja: alikuwa na kovu la ndui, alikuwa anauma mdomo wa chini akifikiri, alicheka kwa kuziba pua. Ukamchora kwa mkono wa kulia, kijiti umekifunga kwenye vidole kwa kamba ya mgomba. Siku ya macho ulimwita Bukuru ndani ukafunga mlango. Mimi nilikuwa uani. Nilisikia tu mwanamume mzima akisema, "Karibu, mwanangu. Karibu, nisamehe, karibu."

Siku hiyo nilikwambia neno ambalo sijalirudisha. Nilikwambia umempa muuaji ukuta ambao ulimnyima mume wako. Uliniambia, "Ule mutoto hakuchoma kitu." Ndilo jibu ulilonipa, hilo tu. Nikafunga mzigo wangu, na tangu hapo nilikuja kwako kama mkaguzi wa tiketi, naonekana na kuondoka. Ulikufa nikiwa safarini. Nilikuta umeshazikwa, na aliyechimba kaburi alikuwa yeye.

Sasa sikiliza nilichofanya juzi. Swali la yule mwalimu halikunitoka. Treni ilipofika Kigoma niliomba ruhusa, nikapanda lori la chumvi mpaka Kidahwe, nikatembea. Kwa jirani niliazima jembe. Nilikuwa nimeamua: ikiwa nyumba ya picha ya mama yangu haikubakiwa na uso wa baba yangu, basi isibakiwe na uso wowote.

Kwako pamefagiliwa. Bukuru, mzee sasa, anaishi jirani na anapalinda. Ameniambia mara mojamoja mtu anayekwenda Kasulu huteremka kuja kutazama, nesi, dereva, siku moja padri. Hana kiingilio wala kitabu cha wageni. Anawapa maji, anawaacha na Stefano. Aliniona na jembe, akajua. Hakusimama mlangoni. Alisema, "Nyumba ni ya mama yako, binti. Ukuta ni wako."

Niliingia. Mvua za mwaka huu zimekula mguu wa ukuta, na ufa umepanda mpaka chini ya kidevu cha kijana. Ni kweli anauma mdomo wa chini. Anatazama kama aliyeitwa na anakuja. Ni kazi yako nzuri kuliko zote, na ndiyo pekee iliyobaki, na nilimchukia. Nikainua jembe.

Nyuma yangu Bukuru akasema, "Nakuomba kitu kimoja tu. Ukimaliza, huo udongo usiuzoe. Nipe mimi. Sina kitu chake cha kuzika."

Jembe lilikuwa juu, Mama. Nilijua kwamba hata nisipopiga, nikienda zangu tu, mvua ya mwezi ujao itanimalizia kazi na hakuna wa kunilaumu. Yeye hawezi tena kubeba ndoo, bega nililomkata halinyanyuki. Nililishusha. Kisha nikatoka nje, nikachimba udongo kwa lile lile jembe, nikachota maji, nikakanyaga nyasi ndani yake mpaka ukashika, nikaukandika mguu wa ukuta, nikaziba ufa hadi karibu na kidevu. Hapo nikaacha, nisije nikamharibu. Nilikuwa nalia kwa hasira, na nilimtukana Bukuru muda wote, yeye na mgambo wake na kadi zake za kijiji, naye alikuwa ananisogezea maji kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe.

Sijamsamehe. Nawe usidhani nimekusamehe kwa sababu nimeshika udongo. Nimeziba ufa, basi. Yule mwalimu nikimwona tena nitamwelekeza, apite Kidahwe aulize nyumba ya Mama Eliza. Hatabanwa na watu.

Lala salama, Mama, na vidole vyako vinyooke huko uliko. Ukikutana na baba, mtazame vizuri kwa niaba yangu, maana mimi nikifumba macho sasa, anayekuja ni Stefano.

Ni mimi, mwanao wa pekee, mwenye hasira zako,
Eliza